Sogeza Kwanza, Ndipo Useme

Mimi si mtaalamu, hilo nalisema mapema. Mimi ni mwosha chupa. Kwa miaka kumi na tisa nimeosha chupa na vioo katika maabara ya maji, vyumba vitatu vilivyobanwa nyuma ya ghala la mabomba, na kama kuna mtu ana shaka na uoshaji wangu aje anikague, sinki lipo na mimi nipo. Nalisema hili sasa kwa sababu huko mbele litakuja.

Ninayetaka kumweleza ni Bi Jicho. Jina hilo tulimbandika sisi wenyewe kazini, naye alilipokea bila kununa. Kazi yake ilikuwa kutazama maji kwa hadubini. Madereva huleta chupa kutoka mabwawani, mitoni, visimani na kwenye chemchemi. Yeye huchota tone, huliweka juu ya kioo, hulifunika kwa kipande kingine cha kioo chembamba kuliko ukucha, kisha huinama. Anachokiona anakiandika daftarini. Miaka thelathini na miwili ameinama hivyo, mpaka shingo yake ikakata tamaa ya kunyooka. Hata akiwa amesimama kwenye foleni ya mkate ungedhani anatafuta kitu alichodondosha.

Hadubini yenyewe ni kuukuu, ya tundu moja, kwa hiyo jicho linalofanya kazi ni moja tu. Yeye alitumia la kulia. La kushoto aliliacha wazi likikodolea meza, maana alisema ukilifumba unayachosha yote mawili. Ofisi iliahidi kumletea hadubini ya macho mawili tangu sijapata mjukuu, na sasa mjukuu wangu anaota meno ya pili.

Aliipenda kazi ile, jamani. Wakati wa chai alikuwa akinihadithia mambo aliyoyaona, mimi nikimwambia aniache ninywe kwa amani. Alinieleza kiroboto wa maji, mwili wake unapenyeza mwanga hadi unauona moyo ukidunda na mayai yamejipanga mgongoni. Alinieleza kiluwiluwi wa mbu anavyoning'inia kichwa chini, anapumulia mkiani, na vijidudu vyenye vinywa vinavyozunguka kama gurudumu la cherehani. Alisema tone moja la bwawa lina wakazi wengi kuliko mtaa wetu, na ugomvi wao ni ule ule. Mimi sikuwahi kuchungulia. Hakuna aliyenikaribisha, na mimi nina kiburi changu.

Wanafunzi wote waliopita pale aliwafunza sharti moja. Sogeza kwanza, ndipo useme. Ukiona kitu, sukuma kioo kidogo kwa kidole. Kitu kikienda na kioo, basi kimo majini. Kisipokwenda, zungusha lenzi. Kikizunguka nayo, ni uchafu wa lenzi. Kikikataa kwenda na kikikataa kuzunguka, basi ni chako mwenyewe: kope yako, chozi lako, jicho lako. Mkuu wetu wa sasa, alipokuwa mwanafunzi, alichora kope yake mwenyewe daftarini akaiwekea na miguu. Bi Jicho hakumcheka mbele za watu. Ndiyo maana mpaka leo Mkuu anamwita mama.

Basi miaka ya karibuni kazi ilimwelemea. Wenzake wawili walihamishwa na nafasi zao hazikujazwa, chupa zikabaki zile zile, jicho likabaki moja. Alikuwa anafika asubuhi na leso mbichi, kila baada ya saa anajikanda nayo jicho. Zamani, kabla ya kazi yoyote, alikuwa akitazama kwanza kioo kitupu chenye tone la maji yaliyochemshwa, kuhakikisha vyombo ni safi. Akaacha. Kidole chake cha kusukumia kioo, kilichokuwa hakitulii, nacho kikatulia. Mimi sinki langu liko hatua mbili kutoka kwake, nilikiona kile kidole kimelala mezani siku nzima, nikajisemea huyu ni fundi, anajua anachokifanya. Mganga hajigangi, nami nilikuwa naujua msemo huo siku zote.

Ndipo ikaletwa chupa ya chemchemi ya chini ya kilima. Ile si chemchemi ya porini. Imejengewa kisanduku cha saruji, bomba linatoka, na nyumba zaidi ya sitini zinachota hapo. Maji yake ni meupe, hayana kitu. Bi Jicho akaona mnyoo. Mwembamba, mweusi, anaogelea pole pole kuelekea chini. Akaomba chupa ya pili, akamwona tena. Kwenye maji ya bwawa mnyoo mmoja ni mtu mmoja sokoni, nani atamtazama? Lakini kwenye maji matupu kama yale ni habari nyingine. Akaandika. Mkuu akatia sahihi. Madereva wakaenda na mnyororo na kufuli, bomba likafungwa.

Wiki iliyofuata akaja mama mmoja kutoka huko kilimani, mrefu, mkimya, amebeba chupa aliyoifunga kwa kitambaa cheupe. Alikaa kwenye benchi la ukumbini hadi akaitwa. Alieleza kwamba maji yale waliyanywa mama zao na bibi zao, na sasa wanavuka mgongo wa kilima hadi mtoni, saa mbili kwenda na kurudi, tena maji yenyewe ya rangi ya chai. Aliomba yatazamwe upya. Mkuu alimjibu kwa adabu kwamba kipimo ni kipimo. Bi Jicho alimwonea huruma, akatazama ile chupa yake siku hiyo hiyo. Mnyoo alikuwemo. Yule mama akauliza kama angeweza kumwona kwa macho yake. Mkuu akasema hadubini si kitu cha kuchunguliwa na kila apitaye. Laiti wangemruhusu!

Alikuja kila Jumanne, na chupa mpya kila mara. Kila mara mnyoo alikuwemo. Jumanne ya sita hakuonekana. Akaja Alhamisi, amekaa benchi lile lile, na alipoulizwa kulikoni akasema mama mkwe wake ameteleza kwenye mteremko wa mtoni na ndoo kichwani, nyonga imevunjika. Hakumnyooshea mtu kidole. Alisema tu vile mtu anavyosema mvua imenyesha, akaweka chupa mezani, akaondoka. Siku hiyo Bi Jicho hakugusa chai, na mimi sikupata hadithi ya kiroboto wala ya nani.

Kesho yake aliniambia kwamba leo anataka kufanya kazi kama zamani, tangu mwanzo, hatua kwa hatua. Akaniomba kioo safi na tone la maji yaliyochemshwa. Nilimpa. Aliinama kitambo kirefu, kisha akainua kichwa.

"Mama Chupa," akasema, "hiki kioo hukukiosha."

Nilihisi damu inanipanda hadi masikioni. Nilikichukua, nikakiosha mbele yake, nikakisuuza, nikakikausha, nikamrudishia. Akatazama, akatikisa kichwa. Nikaleta kingine kipya kutoka kwenye pakiti, nacho nikakiosha mbele yake. Akasema mnyoo yumo. Nikaleta cha tatu. Yumo. Akaanza kuniambia kwamba umri umeanza kunishika, kwamba labda maji ya sinki yana kasoro, labda taulo. Taulo langu! Miaka kumi na tisa nachemsha lile taulo. Nilikuwa nimeshika meza kwa mikono miwili, na neno lililonitoka lilinitoka kwa hasira, sikulipanga.

"Sogeza kwanza," nikamwambia, "ndipo useme."

Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Akainama tena. Nikaona kile kidole kinanyanyuka mezani, kinasukuma kioo kidogo. Kikasimama. Kikasukuma tena upande wa pili. Kisha mkono ukapanda kwenye lenzi, ukaizungusha taratibu, robo, nusu, mzunguko mzima. Akaondoa kioo kabisa, akatazama mwanga mtupu. Halafu akainua uso akautazama ukuta wetu mweupe, ule ulio kati ya dirisha na kabati, na mimi nikaliona jicho lake la kulia linafuata kitu ukutani, linashuka nacho pole pole hadi sakafuni. Ukutani hapakuwa na kitu.

Hasira yangu iliisha palepale, ikabaki huruma. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani anadhani kinaweza kuwa ndani zaidi ya nguo? Alikwenda kwa Mkuu mwenyewe, kwa miguu yake, bila kungoja.

Mlango wa Mkuu haufungi vizuri, na mimi siku hiyo nilikuwa na ukumbi wa kupiga deki. Sikutega sikio, sikio lilikuwepo. Mkuu alizungumza kwa upole, lazima niseme haki yake. Alisema, mama, umebakiza miezi kumi na minne ustaafu. Tukiandika kwamba ni jicho, utatolewa kwenye hadubini leo leo, na kila ulichokiandika mwaka huu kitatiliwa shaka, na sisi sote tutaitwa juu kujieleza. Kisha akasema jambo jingine. Andika kwamba vioo havikuoshwa vizuri. Chemchemi itafunguliwa vilevile. Mama Chupa atapewa barua ya onyo, basi, yamekwisha.

Nilingoja Bi Jicho aseme hapana. Nilisimama na dekio mkononi, maji yananitiririkia miguuni, nikingoja neno hilo moja. Hakulisema. Alisema atafikiri.

Niliumia, sitaficha. Ningekuwa nimevunja chupa au nimechelewa, barua ya onyo ningeipokea na kuiweka chini ya godoro. Lakini uchafu? Mtu mwingine ana cheti, mwingine ana gari, mimi nina vioo safi. Nilirudi nyumbani bila kumuaga, na binti yangu alipoitia chumvi mboga mara mbili nilimgombeza kuliko alivyostahili.

Asubuhi nilifika mapema, nimekusudia kumwambia yaliyo moyoni. Nikamkuta ameshafika, na kwenye benchi la ukumbini amekaa mumewe, fundi cherehani, mtu mdogo mwenye sindano mbili kwenye ukosi wa shati. Alikuwa amemsindikiza. Alinisogezea nafasi, nikakaa. Akanieleza kwamba tangu waoane mke wake ndiye aliyekuwa akimtungia uzi kwenye sindano, kwa sababu ya yale macho yake makali. Tangu mwaka jana mkewe alikuwa akilikosa tundu. Basi yeye akaanza kuzitunga mwenyewe alfajiri, kabla mkewe hajaamka, azikute ziko tayari, asijue. Alidhani anamstahi. Nikawaza kile kidole nilichokiona kimelala mezani, nami sikumwambia. Kila mmoja wetu alimstahi kwa upande wake, na kule kilimani mtu akavunjika nyonga.

Bi Jicho aliniita ndani. Alikuwa na karatasi, mwandiko wake mkubwa kuliko kawaida, mistari inapanda na kushuka. Alitaka niisome kwa sauti, asikie kama imenyooka. Nikasoma: "Maji ya chemchemi ya chini ya kilima hayana mnyoo. Mnyoo niliyemwona yumo ndani ya jicho langu la kulia. Vioo vilikuwa safi." Chini yake sahihi.

Ile sentensi ya tatu niliisoma mara mbili, ya pili kimoyomoyo. Lakini mimi ni mimi, kitu kikinikaa rohoni lazima kitoke. Nilimuuliza kwa nini jana hakusema hapana pale pale.

"Nilikuwa nimechoka, mdogo wangu," akasema. "Mtu akichoka sana, uongo unamkalia kama kiti. Nilitaka kukaa kidogo tu."

Nilimchukulia ile leso yake nikaenda kuilowanisha.

Mkuu alitia sahihi. Mtaalamu akaletwa kutoka kituo kingine, kijana wa haraka haraka, akayatazama maji ya chemchemi chupa nne, hakuona kitu. Daktari wa macho naye alisema zile ni nyuzi za ute ndani ya jicho, uzee huzileta, hazina dawa, huelea na kushuka kila jicho linapotulia. Alisema pia nyuma yake kuna udhaifu mwingine, na kwamba jicho lile lisiaminiwe tena kwa kazi yoyote ya hadubini. Bi Jicho akahamishiwa ghalani, kuhesabu mabomba na viungio. Hadubini alifunikwa na mfuko wake wa kitambaa. Nimesema alifunikwa, kama mtu, na sitasahihisha.

Mnyororo ulikatwa siku ya Jumatatu. Jumanne yule mama wa kilimani akaja, akakaa kwenye benchi lake. Sote tulidhani kaja kushukuru. Alikuja kusema kwamba bomba liko wazi na hakuna anayechota. Watu walishaambiwa kuna mnyoo. Lisemwalo lipo, wanasema, na ofisi ikibadilisha maneno ni kwamba imechoka kusumbuliwa. Wanavuka mgongo wa kilima kama kawaida. Wanawake wawili wajawazito wamo kwenye msafara huo, na mvua ziko njiani, mteremko utakuwa sabuni. Hakuomba chochote waziwazi. Alimtazama Bi Jicho tu, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa ghala na vumbi la mabomba kwenye nywele.

Tulikwenda Alhamisi na gari la sampuli, Bi Jicho mbele na mimi nyuma na kreti zangu. Watu walikuwa wamejaa pale kwenye kisanduku cha saruji, kiasi cha arobaini hivi, ndoo zao tupu. Mama mkwe wa yule mama alikuwa amebebwa na kiti chake hadi pale, mguu umenyooshwa juu ya mto. Bi Jicho alieleza yote bila kupamba. Alisema jicho lake ndilo lenye kitu, si maji yao. Alisema alikuwa na sharti alilowafunza wengine akaacha kulifuata. Akasema amewakosea wote, kisha akamgeukia yule mwenye nyonga akasema amemkosea zaidi. Watu walisikiliza, wakatazamana, lakini hakuna aliyesogelea bomba.

Yule mama mkwe ndiye aliyesema. "Wewe ndiye uliyemwona. Basi kunywa wewe kwanza."

Nilikuwa na kikombe cha bati, cheupe ndani, nikakisuuza bombani mara tatu nikamkingia. Bi Jicho alikishika kwa mikono miwili akatazama ndani. Jua lilikuwa linapiga kwenye ule weupe. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote, nikaliona lile jicho la kulia linaanza kushuka, pole pole, kama siku ile ukutani. Alikuwa anamwona. Yumo ndani ya kikombe, mweusi, anaogelea, mbele ya watu arobaini. Kidole chake kikakisukuma kikombe kidogo upande mmoja, kikakirudisha. Akangoja. Kisha akanywa, hakupumzika, hadi akageuza kikombe chini na tone la mwisho likamdondokea kidevuni.

Yule mama mkwe akanyoosha mkono akiomba kikombe. Mimi kwa mazoea nilishakipokea kwa Bi Jicho nikageuka bombani, nimeshakiinamisha.

"Usikioshe," akasema. "Nikingie hivyo hivyo."

Kwa miaka kumi na tisa, hicho ndicho chombo cha kwanza nilichowahi kumpa mtu bila kukiosha.